"Kura yetu iliuzwa?" Jibu kwa msomaji wa Durban

Msomaji mmoja, mzaliwa wa Tanga ambaye sasa ni raia wa Afrika Kusini, ameniandikia hivi:

"Mwalimu, shikamoo. Mwaka 2024 nilipiga kura kwa mara ya kwanza katika nchi hii. Mimi niliwapa DA (Democratic Alliance), chama kikuu cha upinzani wakati ule. Mume wangu aliwapa ANC, chama tawala, kama alivyofanya tangu 1994. Hakuna aliyepata nusu. Wiki mbili baadaye tukaambiwa vyama vyetu viwili, vilivyorushiana maneno kampeni nzima, vimeingia serikali moja. Mume wangu anasema kura yake iliuzwa na hatapiga tena. Mimi najiuliza: walipata wapi ruhusa ya kuungana? Kwa nini uchaguzi usirudiwe? Na hii si ile nusu mkate ya Kenya, serikali ya kugawana madaraka ya 2008, ila imepewa jina jingine?"

Marahaba, dada yangu. Nianze na shemeji, kwa sababu naona ndiye aliyeumia zaidi, na maumivu yake yanastahili kusikilizwa kabla hatujafungua Katiba.

Mtu aliyesimama foleni Aprili 1994 akawapa ANC, kisha akarudi kuwapa kila baada ya miaka mitano, amezoea jambo moja: ukimpigia unayemtaka, huyo ndiye anayetawala. Mwaka 1994 ANC walipata asilimia 62.65. Hata 2019, wakiwa wameshapungua, walibaki na 57.50. Kwa miaka thelathini maswali mawili, "unamtaka nani?" na "nani ataunda serikali?", yalijibiwa kwa alama moja ya kalamu, mpaka watu wakasahau kwamba ni maswali mawili. Tarehe 29 Mei 2024 yakatengana. ANC wakapata asilimia 40.18, wakashuka kutoka viti 230 hadi 159. Ndiyo maana shemeji anahisi kuna kitu amepokonywa. Mimi naamini hakupokonywa. Haki ya kuchagua serikali moja kwa moja haikuwamo katika ile karatasi hata siku moja, na hakuna aliyejisumbua kumwambia.

Kumbuka karatasi zenyewe ulizopewa siku ile. Zilikuwa tatu, jambo jipya mwaka huo: moja ya taifa, ya pili ya viti vya jimbo lako katika Bunge hilohilo, ya tatu ya bunge la KwaZulu-Natal. Hapakuwa na karatasi ya rais. Ibara ya 86 ya Katiba inasema Bunge ndilo linalomchagua rais, miongoni mwa wabunge wenyewe, katika kikao chake cha kwanza. Wewe na shemeji hamkuulizwa nani atawale. Mliulizwa kila chama kiingie bungeni kikiwa na uzito gani. Hiyo ndiyo kazi ya kura katika mfumo wa uwiano, yaani ule unaokipa chama viti kulingana na sehemu yake ya kura, na ni kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Hebu tufanye hesabu.

Bunge lina viti 400, kwa hiyo nusu na ushei ni 201. ANC wana 159, DA 87, MK ya rais wa zamani Jacob Zuma 58, EFF ya Julius Malema 39, IFP (Inkatha) 17, vilivyobaki vimegawanywa kwa vyama vidogo. Tuseme ANC wangekwenda na EFF, kama wengi ndani ya chama walivyotaka. Inakuwa 198. Wamekosa vitatu! Wangelazimika kutafuta chama cha tatu, na chama hicho kingekuwa na uwezo wa kuiangusha serikali wakati wowote. Wakienda na MK wanapata 217, lakini MK walisema wazi kwamba hawakai na ANC inayoongozwa na Rais Cyril Ramaphosa, na chama kinachokubali wapinzani wakichagulie mwenyekiti kimeshajizika. ANC na DA ni 246. Na ninyi wa DA msidhani mlikuwa na njia ya peke yenu: mkiunganisha DA, IFP, FF Plus, ActionSA na ACDP, wale waliokubaliana kabla ya uchaguzi kuing'oa ANC pamoja, mnaishia 119. Ni mbali sana na 201.

Ruhusa unayoiuliza ilitoka hapo. Wapiga kura wenyewe waliwanyima wote nusu, na Katiba ikawapa siku chache za kutafuta namna. Wabunge wanachaguliwa kumweka rais na kumwondoa kwa kura ya kutokuwa na imani. Kuungana ili wapate idadi hiyo ni sehemu ya kazi waliyotumwa.

Najua shemeji atajibu: aliye wa kwanza angeachiwa atawale. Mwambie atazame hapohapo mlipo. Katika bunge la KwaZulu-Natal, MK walikuwa wa kwanza kwa mbali, viti 37 kati ya 80. IFP walipata 15, ANC 14, DA 11, EFF 2 na NFP kimoja. Piga hesabu: MK na EFF ni 39. IFP, ANC, DA na NFP ni 41. Kwa sababu ya kiti kimoja cha chama ambacho wengi nje ya jimbo hata hawakijui, aliye wa kwanza akabaki nje, na Thami Ntuli wa IFP, chama cha pili, akawa waziri mkuu wa jimbo. Wafuasi wa MK walikasirika, na siwalaumu. Kuongoza orodha kisha kukaa upinzani kunauma. Lakini watu wengi zaidi walichagua vyama vilivyokuwa tayari kukaa bila MK kuliko vilivyokuwa tayari kukaa nao. Kuwa wa kwanza na kuwa na nusu ni mambo tofauti. Kanuni hiyohiyo iliyoiweka ANC madarakani Pretoria kwa msaada wa DA ndiyo iliyowaacha MK nje Pietermaritzburg, makao makuu ya jimbo lenu. Huwezi kuikubali upande mmoja na kuikataa upande wa pili.

Kuhusu kurudia uchaguzi. Mlango upo, ila ni mwembamba. Bunge likishindwa kumchagua rais ndani ya siku 30 tangu nafasi kuwa wazi, linavunjwa na watu wanarudi vituoni. Tatizo ni kwamba mpiga kura habadilishi moyo kwa sababu ameulizwa mara ya pili. Hispania walipiga kura Aprili 2019, mazungumzo yakakwama, wakapiga tena Novemba mwaka huohuo, na bado hakuna aliyepata nusu. Hatimaye wakaunda serikali ya mseto ileile iliyokuwa imeshindikana miezi michache kabla. Israeli walipiga kura mara tano kati ya Aprili 2019 na Novemba 2022. Binafsi nina sababu nyingine ya kutopenda marudio: ni kumwambia mwananchi kwamba amejibu vibaya, arudie mtihani. Watu wa Afrika Kusini walijibu sawasawa. Walisema hawamwamini yeyote kiasi cha kumwachia nchi peke yake. Jibu hilo lilipaswa kufanyiwa kazi kama lilivyo.

Sasa nusu mkate. Ni swali zuri, na kwa mtu wa Afrika Mashariki haliepukiki, lakini tuwe waangalifu tusichanganye. Kenya baada ya Desemba 2007 hapakuwa na matokeo yaliyokubalika. Zaidi ya watu 1,100 walikufa, mamia ya maelfu wakahama makwao, na ule mkataba wa 28 Februari 2008 kati ya Mwai Kibaki na Raila Odinga, chini ya usuluhishi wa Kofi Annan, ulikuwa wa kuzima moto. Cheo cha waziri mkuu kilibidi kiundwe upya ili mkate ugawanyike. Zanzibar ni habari nyingine tena. Pale Serikali ya Umoja wa Kitaifa imo katika katiba tangu kura ya maoni ya Julai 2010, iliyopita kwa asilimia 66.4, na mpiga kura anaingia kituoni akijua kwamba atakayeshindwa vizuri naye atapewa nafasi. Afrika Kusini 2024 haikuwa hivi wala vile. Matokeo yalijulikana na kutangazwa tarehe 2 Juni. MK walidai kuna wizi, wakaenda Mahakama ya Katiba kuzuia kikao cha kwanza cha Bunge, ombi likatupwa. Na hakuna katiba iliyowalazimisha ANC na DA kukaa pamoja. Walichagua.

Tena shemeji asisahau kwamba kura yake ya kwanza kabisa, ile ya 1994, nayo ilizaa serikali ya umoja. Katiba ya mpito ilikipa kila chama chenye viti 20 haki ya kuingia baraza la mawaziri, na F. W. de Klerk akawa mmoja wa makamu wawili wa Nelson Mandela. National Party, chama cha de Klerk, wakajitoa 1996. Wakati ule hakuona ameuzwa, nadhani kwa sababu ANC walikuwa na nusu yao wenyewe, na yule mwenzao alikuwa mgeni mezani. Mwaka 2024 mwenzao ana ufunguo.

Mahali ambapo harufu ya nusu mkate inasikika kweli ni kwenye ukubwa wa serikali. Rais Ramaphosa aliyepunguza wizara 2019 ndiye aliyetangaza, usiku wa 30 Juni 2024, mawaziri 32 na manaibu 43. ANC wakachukua wizara 20, DA 6, IFP 2, na vyama vinne vidogo wizara moja moja. Wizara zilipasuliwa ili viti vitoshe. Hilo linagharimu fedha za walipa kodi, na sioni utetezi wake.

Na hapa ndipo hasira ya nyumbani kwenu inapopata mahali pake halali. Mnakasirikia ndoa ya vyama hivi, wakati cha kukasirikia ni jinsi ilivyofungwa. Katiba inataka Bunge likutane ndani ya siku 14 tangu matokeo kutangazwa. Basi tazama ile Ijumaa ya 14 Juni. Wabunge wamekusanyika katika ukumbi wa mikutano Cape Town, kwa kuwa jengo la Bunge liliungua Januari 2022. Jaji Mkuu Raymond Zondo anawaapisha kundi baada ya kundi. Viti vya MK viko wazi, wamesusia. Na wakati viapo vinaendelea, makubaliano yatakayoamua nani awe rais bado yanakamilishwa pembeni! Usiku ulipoingia Ramaphosa akapata kura 283, Malema 44. Nchi ya watu zaidi ya milioni 60 ilipata mkataba wake wa utawala uliosainiwa siku ileile ya kuapishwa wabunge, hati fupi ya nia njema: kuheshimu Katiba, kukuza uchumi, kupambana na rushwa. Hakuna chama kinachopinga hayo. Yale waliyokuwa wakigombana kwa miaka, bima ya afya ya taifa, ardhi, sera ya kuwawezesha weusi kiuchumi, yaliachwa yaje kuamuliwa mbele ya safari. Pakawekwa kifungu kimoja chenye uzito: pasipopatikana muafaka wa wote, uamuzi upite kwa vyama vinavyowakilisha asilimia 60 ya viti. Kwa hesabu yoyote utakayoitumia, ANC peke yao hawafiki.

Linganisha na Ujerumani. Walipiga kura 24 Septemba 2017, serikali ikaapishwa 14 Machi 2018. Karibu miezi sita! Watu walichoka, magazeti yakalalamika. Lakini walichotoka nacho ni mkataba wa kurasa zaidi ya 170, unaosema kodi gani itaguswa na ipi haitaguswa. Kisha SPD, mmoja wa washirika wa serikali hiyo, wakaupeleka kwa wanachama wao zaidi ya 460,000, wapige kura kwa posta: tuingie au tusiingie? Asilimia 66 wakakubali. Mwanachama wa SPD aliyechukia ule muungano aliweza kusema ameshindwa kwa haki, maana aliulizwa. Shemeji hakuulizwa, wala wewe. Mimi sina tatizo na milango kufungwa wakati wa mazungumzo. Hakuna mtu anayeweza kulegeza msimamo mbele ya kamera. Ila mlango ukifunguliwa, kinachotoka kiwe karatasi inayosomeka, si picha ya watu wanaopeana mikono.

Gharama ya haraka ile ilionekana Februari 2025. Waziri wa Fedha Enoch Godongwana alitaka kupandisha kodi ya ongezeko la thamani kwa pointi mbili, na siku ya kusoma bajeti, tarehe 19, ikabidi hotuba iahirishwe kwa sababu washirika wa serikali yake hawakukubaliana. Akarudi Machi na nusu pointi. Tarehe 2 Aprili hatua ya kwanza ya bajeti ikapita kwa kura 194 dhidi ya 182, DA na FF Plus wakipiga kura ya hapana dhidi ya bajeti ya serikali waliyomo wenyewe, na vyama vya nje ya serikali kama ActionSA vikiiokoa. Wiki tatu baadaye, kesi ikiwa mahakamani, waziri akaliondoa lile ongezeko. Kodi ikabaki asilimia 15.

Watu wengi waliona aibu tupu. Mimi naona mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, suala la kodi lilipaswa kuwamo katika mkataba tangu Juni, na anayelipa uzembe huo ni mwananchi. La pili, ambalo ningependa shemeji alitafakari: mwaka 2018, ANC wakiwa na nusu yao, kodi hiyohiyo ilipanda kutoka 14 hadi 15 na hakuna aliyeweza kuizuia. Mwaka 2025 ilizuiwa. Kila mnapolipa dukani, mnalipa kile kiwango kilichobaki kwa sababu mwaka 2024 hakuna aliyepata nusu. Ule uzito mlioweka kwenye mizani ulifanya kazi, ingawa kwa kelele nyingi.

Kwako wewe wa DA nina angalizo tofauti. Mshirika mdogo ndiye anayebeba mzigo wa serikali ya mseto machoni pa wapiga kura wake. Uingereza, Mei 2010, Liberal Democrats waliingia serikalini na Conservative baada ya siku tano tu za mazungumzo. Wagombea wao walikuwa wametia saini ahadi ya kutopandisha ada ya vyuo vikuu. Desemba mwaka huohuo serikali yao ikaruhusu ada kufika pauni 9,000 kwa mwaka. Mwaka 2015 chama kikashuka kutoka viti 57 hadi 8. Wapiga kura wale waliweza kusamehe mambo mengi waliyokubaliana na Conservative, lakini hawakusamehe ahadi iliyotiwa saini kisha ikavunjwa. Kwa hiyo usiwapime DA kwa swali la kama wamekaa na ANC. Wapime kwa yale mambo mawili matatu waliyokuapia wewe: yapo, yamepatikana kwa sehemu, au yameachwa bila maelezo?

Nimalizie na kauli ya shemeji kwamba hatapiga tena. Mwaka 2024 walijiandikisha karibu watu milioni 27.8, wakajitokeza asilimia 58.64. Zaidi ya milioni 11 walibaki nyumbani. Katika mfumo wa uwiano kura isiyopigwa haiachi pengo. Viti ni vilevile 400, vinagawanywa kwa waliokuja. Shemeji akikaa nyumbani kwa hasira dhidi ya DA, anaongeza uzito wa DA, na anaongeza uzito wa MK vilevile. Sidhani ndicho anachokusudia.

Tena uchaguzi unaofuata ni wa mabaraza ya miji, ambako miseto imeumiza watu kuliko ile ya Pretoria. Baraza la eThekwini lenyewe, yaani Durban mlipo, halina chama chenye nusu tangu 2021. Johannesburg, baraza la madiwani 270, Al Jama-ah yenye madiwani watatu ilitoa mameya wawili mfululizo mwaka 2023, kwa sababu wakubwa walishindwa kukubaliana nani awe juu. Watu wale hawakuvunja sheria yoyote, lakini sijakutana na mkazi wa Johannesburg aliyepiga kura akifikiri hilo ndilo litakalotokea.

Mtakapopiga kura ya mji mtapewa karatasi ya kata na karatasi ya chama. Ya kata ina jina la mtu atakayekuja kwenye mikutano yenu kuomba. Akija, nendeni wote wawili. Msimuulize atafanya nini chama chake kikishinda, hilo amelikariri. Muulizeni kikikosa nusu watakaa na nani, hawatakaa na nani kabisa, na ni jambo gani moja ambalo wakilikosa watatoka nje ya serikali. Muulizeni na kama makubaliano yatabandikwa hadharani kabla meya hajachaguliwa. Andikeni majibu yake na tarehe. Shemeji, kwa jinsi ulivyomweleza, ndiye wa kushika kalamu.